Kinyama cha jicho, tiketi mbili za ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaoulizana ni hospitali gani ya ng'ambo inayofaa kwa kuondoa kinyama cha jicho. Mimi nimekwenda, nimetibiwa, nimerudi na ninaona. Sina ugomvi na mikono ya daktari aliyenipasua. Nilichonacho ni hesabu, ambayo laiti mtu angenipigia kabla sijakata tiketi.

Mimi ni fundi wa kuezeka. Miaka 31 nimeshinda juu ya mapaa. Aliyewahi kupigilia bati jipya saa saba mchana anajua kuwa jua haliko juu peke yake. Linakupiga kutoka chini pia, na hapo kofia haina msaada. Kwanza nilitokewa na kipele cha manjano kwenye weupe wa jicho la kulia, upande wa pua. Nikakipuuza. Miaka ikapita, kikawa nyama nyekundu yenye vimishipa, imechongoka, inatambaa kuelekea kwenye mboni. Wataalamu wanaiita terijiamu, neno lililotoka kwenye Kigiriki kwa maana ya kibawa, na kweli ilikuwa na umbo la bawa. Kazini waliita mtoto wa jicho, nami nikaitikia. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi, ndani ya jicho. Hiki changu kilikuwa nje kabisa, hata mjukuu wangu alikuwa akikinyooshea kidole.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujitibu. Nilinunua matone yaliyoondoa wekundu kwa siku mbili tu, nikashikamana nayo miezi saba. Kumbe yalikuwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Daktari aliyenipima baadaye alikuta presha ya jicho imepanda, akanifokea kama mtoto mdogo. Matone yale hayayeyushi kinyama. Yanatuliza wekundu, na ukiyatumia kiholela yanaweza kukuletea glakoma, ule ugonjwa wa presha ya jicho unaopofusha, na huyo mtoto wa jicho wa kweli juu yake.

Kosa la pili lilikuwa haraka. Hospitali siitaji. Nilichomwa ganzi, kikakatwa, baada ya robo saa niko nje. Hakuna aliyenieleza kuwa palipokatwa pameachwa wazi. Mwezi wa nne kikarudi, kinene kuliko cha kwanza. Kikawa kinaivuta konea, kile kioo cha mbele cha jicho, kikaipinda, na namba za kwenye futi nikaanza kuziona mbilimbili. Fundi asiyesoma futi hana kazi. Ndugu wakachanga, nikapanda ndege.

Sasa hesabu yenyewe. Upasuaji ulichukua dakika 40 kwa ganzi ya jicho tu, nikatoka kwa miguu yangu, bila kulazwa. Katika kila 100 tuliyotumia, 18 ndiyo iliyokwenda kwenye jicho. Zilizobaki zililipia tiketi mbili (jicho limefungwa, utakwenda peke yako vipi? Mwanangu alinisindikiza), viza, chumba cha siku 11, teksi, mkalimani, na vipimo ambavyo majibu yake nilikuwa nayo mkononi lakini vikarudiwa vyote. Bei niliyotumiwa kwenye simu kabla ya safari ilianza na neno "kuanzia". Hilo neno lichungeni. Ndani yake hakukuwa na gundi, wala kipimo cha maabara, wala matone niliyotumia wiki nane baada ya kupasuliwa.

Hii gundi niieleze, maana ndipo penye siri. Baada ya kuondoa kinyama, daktari alichukua kipande chembamba cha utando wa jicho langu mwenyewe, kutoka juu, chini ya kope, akakipandikiza pale palipobaki wazi. Kipande hicho hushonwa kwa nyuzi nyembamba mno au hubandikwa kwa gundi inayotengenezwa kutokana na damu ya binadamu. Gundi inaokoa muda na inakuepusha na mkwaruzo wa nyuzi, ila ni ghali. Lakini kazi kubwa inafanywa na kile kiraka. Pakiachwa wazi kama nilivyoachwa mimi mara ya kwanza, kinyama hurudi kwa wagonjwa wengi, katika baadhi ya tafiti zaidi ya nusu yao. Pakizibwa kwa utando wa mgonjwa mwenyewe, wanaorudiwa huwa wachache sana. Wala si ugunduzi wa juzi. Madaktari wa Marekani waliichapisha njia hii mwaka 1985. Mimi bado nilikuwa nabeba mbao za fundi mwingine.

Na kile kinyama kilichotolewa kipelekwe maabara. Iko saratani ya uso wa jicho ambayo kwa macho inaweza kufanana nacho. Changu cha mara ya kwanza kilitupwa kwenye ndoo.

Kuna jambo jingine ambalo wakala wa safari hakuligusa. Kinyama kikiamua kurudi, kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo niliandikiwa kuonwa baada ya wiki, mwezi, miezi mitatu, miezi sita. Nani angenilipia ndege nne? Nikaenda kliniki ya macho ya huku nyumbani na karatasi zangu ndani ya bahasha. Daktari, binti wa umri wa mwanangu, akazisoma hadi mwisho, akaniangalia.

"Mzee, mbona ulikwenda mbali hivyo? Kazi hii naifanya hapa kila Jumatano. Utando ni huohuo, ila mimi nashona."

Sikujibu. Mwanangu akaangalia dari.

Sisemi asiende mtu. Wapo ambao kinyama kimewarudia mara tatu na jicho limekazwa, haligeuki vizuri, na wapo wasio na bingwa wa karibu. Ila kabla ya kuuza kitu, muulize daktari wa kwenu: ukishakikata, utapaziba na nini? Mimi sikuuliza, si mara ya kwanza wala ya pili. Ya pili nilibahatika.

Nawe Mhariri, nina ombi. Matangazo ya hospitali za nje mnayochapisha, yadaini yaseme bei inajumuisha nini: kiraka, gundi au nyuzi, maabara, matone, na nani atamwona mgonjwa akisharudi kwake. Mistari miwili inatosha.

Jicho la kushoto nalo limeanza. Binti yule amelipima, milimita moja na nusu, anasema halihitaji kisu bado. Amenitaka nivae miwani ya jua yenye kinga ya miale, inayoziba hadi pembeni, kwa sababu mwanga unaoingia kutoka upande wa sikio ndio ambao konea huukusanya na kuutupia kwenye kona ya pua. Nimeinunua, ni mipana, inafika masikioni. Vijana wa kazini wananiita Rubani.

Wasomaji wenu,
Fundi wa mapaa na mwanawe aliyemsindikiza