Kwa vijana wa biokemia: habari ya tyubu za rangi ya rosela

Wanangu mnaoanza uzamili wa biokemia mwaka huu, salaam.

Mmoja wenu alipita nyumbani wiki iliyopita akaniambia kwamba wanne kati yenu mtaandika tasnifu juu ya inflamesheni, yaani kinga ya mwili inapowaka, na usugu wa insulini, yaani mwili usipoiitikia insulini, homoni ya kushusha sukari. Nilifurahi, maana ndiyo kazi iliyonila ujana. Kisha nikaingiwa na wasiwasi. Kijana yule alinieleza mpaka majibu mtakayoyapata, na hata damu ya mgonjwa wa kwanza haijatolewa.

Ndiyo maana nawaandikia. Vitabu vyenu huianzia habari hii Boston. Mimi naianzia kwa ng'ombe.

Miaka ya 1970 Anthony Cerami, mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha Rockefeller kule New York, aliwatazama ng'ombe wa Kenya wenye nagana, ule ugonjwa wa mbung'o. Mfugaji yeyote anamjua ng'ombe wa nagana: mbavu unazihesabu ukiwa barabarani. Lakini ukipima damu, vimelea ni vichache, haviwezi kummaliza mnyama mkubwa namna ile. Wakaambukiza sungura maabarani, nao wakaleta kioja kingine: mnyama anakonda, huku damu yake imejaa mafuta. Kimeng'enya kinachoyatoa mafuta kwenye damu kilikuwa kimezimwa. Aliyekizima si kimelea. Ni makrofaji, seli za kinga za mnyama mwenyewe, zilizokuwa zikimwaga protini fulani. Protini hiyo wakaiita kakektini, na mwaka 1985 ikabainika kuwa ndiyo ileile TNF, protini ya kuua seli za uvimbe, ambayo watu wa saratani walikuwa wameipa jina tangu 1975.

Sasa ndipo Boston inapoingia. Gökhan Hotamisligil, daktari kijana kutoka Uturuki, alikuwa akisomea uzamivu Harvard katika maabara ya Bruce Spiegelman. Wakaitafuta TNF kwenye mafuta ya panya wanene wenye kisukari. Hebu fikirini: protini ya kukondesha, unaitafuta kwa mnyama aliyenona! Wakaikuta tele. Wakawapa panya wanene kitu cha kuinasa, na miili yao ikaanza tena kuitikia insulini na kuchukua sukari. Hiyo ilitoka katika jarida la Science, Januari 1993.

Baadaye wakaonyesha na namna inavyofanya kazi. Insulini ikifika kwenye seli hupiga hodi, na ndani yupo mpokea hodi, protini iitwayo IRS-1. Kwa kawaida hubandikwa fosfeti kwenye tairosini zake, moja ya asidi amino zinazoijenga, ujumbe ukaendelea. TNF inasababisha fosfeti zibandikwe kwenye serini, asidi amino nyingine. Hodi inasikika barazani, lakini haifiki uani.

Nani asingeamini kwamba kisukari cha ukubwani kimekwisha? Ziba TNF, mgonjwa apone. Mwaka 1996 matokeo ya wagonjwa yakatoka: watu wanene wenye kisukari aina ya pili walipewa kingamwili za kuizuia TNF, na usugu wao wa insulini haukutikisika.

Nilikuwa maabarani kwangu siku niliposoma makala ile. Niliiweka mezani, nikaenda kunywa chai. Nilijua wenzangu waliohama fani mwaka uliofuata.

Wale wa Boston hawakuhama. Mwaka 1997 wakaonyesha kwamba panya asiye na jeni ya TNF, hata akinenepeshwa, insulini yake hufanya kazi vizuri kuliko ya mwenzake. Kwa hiyo panya hakuwa amedanganya. Swali lilikuwa dogo mno kwa jibu lililotafutwa. Mwaka 2002 wakaonyesha kazi ya JNK, kimeng'enya ambacho TNF hukiwasha, na kinachowashwa pia na mambo mengine kadhaa. Mwaka 2003 makundi mengine mawili ya Marekani yakaonyesha kuwa mafuta ya mtu mnene yamejaa makrofaji. Ndizo hizohizo za ng'ombe wa nagana! TNF ilikuwa mmoja tu katika baraza kubwa, na ukimnyamazisha mmoja, wengine wanaendelea kusema.

Msinielewe vibaya, hata leo dawa haijapatikana kwa njia hii. Salisileti, jamaa za aspirini, zilijulikana tangu 1876 kule Ujerumani kwamba zinapunguza sukari kwenye mkojo. Watu wakasahau, mpaka Steven Shoelson na wenzake wakazifufua 2001. Jaribio kubwa la salsaleti, dawa ya jamii hiyohiyo, likatoka 2013, na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache, ilishuka kwa pointi 0.37 tu za asilimia kuliko kwa waliopewa dawa bandia, na protini ikaongezeka kwenye mkojo wa waliopewa salsaleti. Halafu 2017 likaja jaribio la watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, wakachomwa sindano ya kuzuia protini nyingine ya inflamesheni. Matukio ya moyo yakapungua. Kisukari kipya hakikupungua. Anayewaambia kwamba inflamesheni ndiyo chanzo, basi, muulizeni kuhusu watu hao.

Sasa niwaambie yangu, na haya sijawahi kuyaandika mahali.

Nilikuwa na mradi wa kupima usugu wa insulini kwa watu wa mikoani. Damu ilitolewa asubuhi kabla ya kula, ikawekwa kwenye boksi la barafu, ikasafiri kwa basi. Matokeo yalikuja matamu: insulini ndogo, usugu mdogo, hata kwa watu wenye matumbo. Mnajua hesabu ya usugu: sukari ya asubuhi mara insulini, gawa kwa 22.5. Sukari 6, insulini 15, unapata 4, huyo ni sugu. Mimi nilikuwa naona insulini 6, napata 1.6. Nikajiambia, watu wetu ni tofauti na Wazungu. Nikaanza kuandika muhtasari wa kupeleka kwenye mkutano, na kichwa cha habari kilikuwa kikubwa, namshukuru Mungu hamtakiona.

Fundi sanifu wetu, mzee mtulivu sana, akaniita kwenye friza. Akatoa rafu moja ya tyubu, akaishika kwenye mwanga wa dirisha. Seramu, maji ya damu yanayobaki chembe zikitenganishwa, inatakiwa iwe na rangi ya mafuta ya alizeti. Hizi zilikuwa na rangi ya juisi ya rosela, nyingine kali, nyingine kama rosela iliyoongezwa maji. "Daktari," akasema, "hizi nazo tunahesabu?"

Zilikuwa zimehemolaizi. Barafu iliyeyuka njiani, damu ikatikiswa kwa muda wa saa nane bila kuzungushwa kwenye sentrifuji, chembe nyekundu zikapasuka. Ndani ya chembe hizo kuna kimeng'enya kinachoikata insulini. Sukari ilikuwa salama, maana ile tuliiweka kwenye tyubu za kifuniko cha kijivu zenye floraidi. Lakini insulini ilikuwa ikiliwa njia nzima. "Watu wetu tofauti" walikuwa ni chembe zilizopasuka.

Kinachoniumiza ni kwamba niliwahi kuziona tyubu zile. Wiki tatu kabla, kwa macho yangu. Jibu lilikuwa limenifurahisha, nikapita. Yangekuja kinyume na nilivyotaka, ningekagua mpaka tairi za basi.

Tulirudia. Tukabeba sentrifuji ndogo na jenereta mpaka kijijini, seramu ikatenganishwa ndani ya nusu saa. Usugu ukawa ni uleule wa watu wengine duniani. Muhtasari nikauchana, na mfadhili nilimwandikia barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika.

Sasa ninyi wanne. Mnakwenda kupima CRP, protini ya damu inayopanda inflamesheni ikizidi, kwa watu wanene na kuilinganisha na usugu. Swali la kwanza kwa mgonjwa lisiwe uzito. Muulizeni: wiki hii uliumwa homa? Jino? Kidonda mguuni? Malaria peke yake huipandisha CRP juu kuliko tumbo lolote, na mwili wenye homa nao huwa sugu kwa insulini kwa muda. Msipoliuliza hilo mtaandika tasnifu ya mbu mkidhani ni ya chipsi.

Na minyoo msiisahau. Kule Flores, Indonesia, watafiti waliwapa watu dawa ya minyoo, matokeo yakatoka 2017: waliokuwa na minyoo kweli, baada ya kutibiwa usugu wao wa insulini uliongezeka. Sisemi tuache kunywa albendazoli, mama zenu watanipiga. Nasema hapo pana swali linalotuhusu sisi kuliko Boston, na friza zenu tayari zina sampuli za zamani za kulianzia.

Kuhusu wasimamizi wenu: mmoja wao akiwahimiza kuondoa "namba zilizoharibika", muulizeni kwa adabu, "Prof, tuziondoe na zile nzuri zilizosafiri basi lilelile?" Sikuwahi kuulizwa hivyo na mwanafunzi wangu hata mmoja, na nilistahili.

Daftari langu la mradi ule bado lipo, na rangi ya kila tyubu imeandikwa na yule fundi kwa mwandiko wake mzuri. Anayelitaka aje nyumbani, lakini aje asubuhi. Mchana huwa nalala.

Ni mimi mzee wenu, mstaafu wa maabara.