Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: maziwa ya saa 9 usiku nani anampa mtoto?

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi, shikamoo.

Tunaandika hadharani kwa sababu barua tatu tulizoleta masijala ziligongwa muhuri wa kupokelewa, na mpaka leo zimepumzika. Juzi Jumanne mlinzi ametuzuia tena getini, safari hii kwa karatasi iliyobandikwa ukutani: wanaojitolea mwisho saa 12 jioni. Mwezi Machi ulituahidi vitambulisho ndani ya wiki mbili. Sasa ni Julai. Wiki za Dodoma ni ndefu.

Huenda aliyeandika karatasi ile hajawahi kukesha wodini. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huanzishiwa maziwa ya F-75, yale maalumu ya kuanzia tiba, kila baada ya saa 3, mara 8, usiku na mchana. Wa kilo 7 asiyevimba mwili anapewa mililita 115 kila mara. Maziwa yakishakorogwa, bila friji yasikae zaidi ya muda wa saa 2. Kwa hiyo yaliyokorogwa saa 12 jioni hayafai saa 3 usiku, na nusu ya milo yote inaangukia baada ya geti kufungwa: saa 3, saa 6, saa 9, saa 12 alfajiri.

Hapo ndipo tunapohitajika. Kunawa, kukoroga kwa kipimo na maji yaliyochemshwa, kupima kwa bomba la sindano la mililita 50, kumwamsha mama. Mtoto ananywa kwa kikombe na kisosi, si chupa, akiwa amekalishwa pajani. Kilichobaki kinapimwa, kilichotapikwa kinakadiriwa, vyote vinaandikwa kwenye kadi. Mpira wa puani hatuugusi, huo ni wa muuguzi. Kisha tunashika nyayo: zikiwa za baridi, mtoto anavishwa kofia, anawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, muuguzi anaitwa. Kwa upepo huu wa Julai, nyayo za baridi ni nyingi.

Milo ikirukwa, sukari inashuka na joto la mwili nalo linashuka. Mtoto halii, amelegea tu. Mama anadhani hatimaye amepata usingizi. Huduma ya kwanza kwa anayeweza kunywa ni mililita 50 za maji ya sukari: kijiko cha chai kilichojaa sukari, vijiko vya chakula 3 na nusu vya maji. Rahisi kabisa, ilimradi kuna aliye macho. Kukicha linakuja kosa la huruma: mama anafidia, anampa milo miwili kwa mpigo. Hapo ni kutapika, kuharisha, na moyo uliodhoofika kuelemewa.

Wauguzi si wazembe. Wa zamu ni mmoja, ana dripu na sindano za wodi nzima. Na mama aliyetoka Mpwapwa, usiku wa nne peke yake, nani amlaumu akisinzia?

Tunahisi chanzo cha kuzuiwa ni ile picha ya mtoto iliyorushwa mtandaoni. Kama ndiyo, hata sisi ilituudhi. Simu zibaki kwa mlinzi, majina yaandikwe kitabuni. Au sabuni na sukari tunazonunua zinamwaibisha mtu?

Vitambulisho basi, vikae. Chumba cha kina mama kilichokuwa "kwenye bajeti" nacho kikae. Tunaomba watu wawili waingie saa 2 usiku, watoke saa 1 asubuhi. Hata mmoja. Mmoja tu, Mheshimiwa, kuanzia usiku wa leo.

Ni sisi,
Wanaojitolea wodi ya watoto, Dodoma