Aliyevamiwa aulizwe tena baada ya wiki kadhaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wakazi wa Mtwara na Lindi wanaovamiwa, wanaoporwa au wanaobakwa, hasa misimu ya korosho, fedha zinapofika hadi vijijini na wahalifu wakalijua hilo.

Aliyejeruhiwa hupita kituo cha polisi akapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, akaenda hospitali akashonwa jeraha, na baada ya hapo ni nadra mtu kumuuliza analalaje. Simlaumu askari wala muuguzi wa siku ile, kwa kuwa siku ile kutetemeka na kukosa usingizi ni jambo la kawaida, na walio wengi hutulia ndani ya wiki chache wakiwa na ndugu zao. Ndiyo maana wataalamu hawathibitishi ugonjwa wa kiwewe (PTSD), yaani hofu na kumbukumbu za tukio zisizomwachia mtu, kabla dalili hazijapita mwezi mmoja.

Kinachokosekana ni kumwita tena. Mwaka 2002 nchini Uingereza, mwanasaikolojia Chris Brewin na wenzake walichapisha dodoso la maswali kumi, lililojaribiwa kwa manusura wa ajali ya treni na kwa waathirika wa uhalifu. Huulizwa wiki tatu au nne baada ya tukio: je, angalau mara mbili katika wiki iliyopita umeota tukio lile, limekujia akilini bila kutaka, umekuwa ukishtuka ovyo? Hujibiwa ndiyo au hapana, na mwenye ndiyo sita au zaidi hupelekwa kwa mtaalamu achunguzwe, maana dodoso peke yake si kipimo cha ugonjwa. Kwetu litafsiriwe kwanza na kujaribiwa, kabla hatujaiamini hiyo sita.

Maswali hayo yasiulizwe kaunta ya polisi mbele za watu. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linawasikiliza wengi, lakini kijana wa bodaboda aliyekatwa panga na kunyang'anywa pikipiki hafikirii kwenda huko, naye tangu utotoni ameambiwa mwanamume hujikaza. Namba yake ya simu ichukuliwe kwa ridhaa yake anapopewa PF3, kisha muuguzi wa zahanati ya karibu ampigie na kuzungumza naye faragha.

Nawaomba waganga wakuu wa mikoa yetu miwili, kabla ya kuanza, wamtaje mtumishi atakayewapokea watakaopewa rufaa, hospitali ya Ligula kwa Mtwara na ya Sokoine kwa Lindi, kwani kumfungua mtu moyo kisha kumwacha bila tiba ni kumwongezea maumivu.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara