Wasiwasi mwengine unaanzia kwenye jino

Mhariri, asalaam alaykum. Nimeisoma barua ya yule ndugu alosema mwenye wasiwasi ni mtu alopungukiwa imani basi. Mie nna shangazi yangu hapa Wete, sala tano hazimpiti na Alhamisi anafunga, na msimu wa karafuu ulopita nlikuwa nae jamvini tunachambua, mara mikono ikasimama juu ya makonyo, jasho linamtoka, ananambia "mwanangu moyo huu unanitoka" na hapo hakuna kitu, kuku tu wanapita. Tumemfanyia kisomo, tumefukiza ubani, kaambiwa ana jini wa bahari (sijui kwanini majini wetu wote wanatokea baharini).

Lilokuwa hakuna mtu alomuuliza ni lile jipu la jino, miezi mizima shavu limevimba, usiku halali, panadoli anatafuna kama njugu.

Sasa hebu tusikilizane. Pahala penye jipu mwili unatoa kemikali za kuitana msaada, madaktari wanaziita saitokaini, na hazikai shavuni tu, zinakwenda na damu na habari yake inafika mpaka ubongoni. Huko ubongo una askari wake wenyewe, maikroglia, Mhispania Pío del Río Hortega ndie alowapa jina hilo mwaka 1919, nao wakishtuliwa wanatoa saitokaini zao, na ile sehemu inayolinda hatari, amigdala, inakuwa nyepesi kushtuka. Si ndo maana ukiwa na homa hutaki watu hutaki chakula umejikunyata tu? Homa ikiondoka na hayo yanaondoka, lakini ukibaki moto mdogo mdogo, maradhi yasokwisha, usingizi hakuna, mawazo kila siku, askari hawarudi kambini. Wagonjwa wa homa ya ini C walokuwa wakichomwa sindano za interferoni, ambayo nayo ni saitokaini, si wachache walopata huzuni na wasiwasi hali kabla hawakuwa nao, sasa na hao imani iliwatoka kwenye sindano?

Sisemi wote ni hivyo, mwengine kafiwa, mwengine ana deni. Na tafadhalini msikimbilie duka la dawa kutaka diklofenaki, ile dawa ya maumivu na uvimbe, mkadhani inatibu wasiwasi, si tiba yake hiyo na tumbo litawatoboka.

Shangazi kang'olewa jino, usingizi umerudi, mshtuko umepungua ila haujesha, boti ya Unguja mpaka leo hapandi. Siwezi kuapa kama ni jino peke yake. Anaonana na daktari wa maradhi ya akili na kila Ijumaa tunamsomea Yasin, wala sijaona vinagombana wapi. Yule ndugu kama nyumbani kwake yupo anaeshtuka hivyo, kabla hajampima imani amuulize jana kalala saa ngapi na wapi panamuuma.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba