Simu ipime muhogo kabla hatujagawana pingili

Mhariri,

Msimu uliopita niling'oa muhogo wenye majani mazuri tu. Kuukata, ndani una mabaka makavu ya kahawia, haufai hata kwa mifugo. Ni ugonjwa wa michirizi kahawia huo. Na pingili za shamba lile, yaani vipande vya shina vya mbegu, ambavyo hubeba ugonjwa huo, nilikwisha kuwagawia majirani wanne. Mpaka leo inaniuma.

Sasa binti yangu ameniwekea programu ya Nuru kwenye simu. Inasema Kiswahili, shambani haidai intaneti. Unaelekeza kamera kwenye jani, inakuambia kama ni ugonjwa wa batobato, michirizi, au wadudu wa utitiri wa kijani. Jani moja halitoshi, pima kadhaa.

Mabwana shamba, tafadhali njooni nayo kabla ya vuli, tungali tunachagua mbegu.

Mkulima wa muhogo,
Muheza, Tanga