Baba yetu hakuugua kwa muda mfupi

Ndugu Mhariri,

Mwezi Novemba mwaka 2023 nililipia tangazo la kifo katika gazeti lako. Lilikuwa na picha ya baba yangu akiwa amevaa koti lake la kijivu la siku za sikukuu, na chini ya picha yalikuwepo maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu, kwamba amefariki dunia "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niyasahihishe maneno hayo, kwa sababu hayakuwa ya kweli na nilijua hivyo wakati nikiyaandika. Baba aliugua kwa miaka saba. Ini lake liliharibiwa na pombe, na sisi wanawe, wadogo zake na majirani tuliokuwa tukimwona kila siku tulikubaliana, bila hata kuketi kikao, kwamba neno hilo lisitamkwe.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Uchagani, mkoani Kilimanjaro, na tangu nikiwa mtoto nilimfahamu kuwa mtu anayekunywa mbege kama wazee wenzake wote walivyokunywa. Msomaji asiyetoka mkoani kwetu ajue kwamba mbege, inayotengenezwa kwa ndizi mbivu, kimea cha ulezi na gome la msesewe, si kinywaji cha starehe tu. Posa haiendi bila mbege, ugomvi wa mipaka ya vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, hausuluhishwi bila mbege, na mzee anayeikataa kata anayopewa na mzee mwenzake huhesabiwa kuwa ana neno moyoni. Sisemi kwamba mbege ndiyo iliyomuua baba, wala sitasema kwamba haina hatia, maana ini haliulizi kilevi kimetoka kwenye pipa la nyumbani au kiwandani. Hupokea jumla yake yote, ya asubuhi na ya jioni, ya mwaka huu na ya miaka ishirini iliyopita.

Alistaafu mwaka 2012. Hakukuwa tena na kengele ya saa moja na nusu asubuhi ya kumzuia, na kiinua mgongo kilikuwa mfukoni. Wakati huo viroba, yaani vifuko vya pombe kali, viliuzwa katika kila kibanda, kwa bei ambayo hata mtoto aliyetumwa chumvi angeweza kuimudu. Nimepiga hesabu baadaye, kama ambavyo yeye angenitaka nifanye: kifuko cha mililita 100 cha pombe kali yenye nguvu ya asilimia 40 kina kilevi cha gramu 32 hivi, wakati bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu 20. Baba aliweka vifuko vitatu katika mfuko wa shati, mahali alipokuwa akiweka kalamu nyekundu ya kusahihishia, na aliponiona namtazama alisema, "Naonja tu." Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza, akiwa Mirerani, kwamba viroba vitapigwa marufuku, na tarehe 1 Machi amri ikaanza kutekelezwa, mama alipiga vigelegele jikoni. Sitaibeza amri ile, kwa kuwa iliwaokoa vijana wengi. Lakini mtu ambaye mwili wake umekwishaizoea pombe hatibiwi kwa kubadilishiwa chombo, na haikupita wiki baba akawa anarudi nyumbani ananuka gongo, pombe kali ya kienyeji ambayo nayo imekatazwa na sheria.

Jambo ambalo ningependa kila familia ilijue ni kwamba ini huharibika kimyakimya. Kwanza hujaa mafuta, kisha huvimba, na mwishowe sehemu yake iliyo nzima hugeuka makovu hadi linasinyaa na kuwa gumu. Katika hatua ile ya kwanza mwenye ini hahisi maumivu yoyote ya maana, na ni katika hatua hiyohiyo ambapo akiacha pombe ini linaweza kurudi katika hali yake. Baba alifika hapo mwaka 2016. Alikwenda kupimwa tumbo kwa sababu nyingine kabisa, kipimo cha utrasaundi kikaonyesha ini lenye mafuta, naye akatusomea cheti hicho sebuleni huku akicheka, akasema mafuta ni dalili ya mtu aliyeshiba. Sote tulicheka. Alikuwa mcheshi, Mhariri, na ucheshi wake ulitufaa sana sisi tuliokuwa tukitafuta kisingizio cha kunyamaza.

Kosa letu lililofuata lilikuwa la upendo. Pasaka ya mwaka 2018 tulikusanyika nyumbani tukakubaliana kumfungia ndani, tukaondoa kila chupa, tukaweka zamu mlangoni. Siku ya kwanza alitukana, ya pili akatoka jasho na kutetemeka mikono hata kikombe cha chai kikamshinda, na usiku wake akaanza kuona wadudu wakipanda ukutani na kuzungumza na wanafunzi wa zamani ambao hawakuwepo. Kulipokucha alianguka kwa degedege. Wapo waliosema ni mapepo, tukaita watu wa maombi kabla ya kuita gari. Ni mganga mmoja wa zahanati, kijana mpole ambaye sitamsahau, aliyetueleza kwamba mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi akikatishwa pombe ghafla anaweza kufa, na kwamba kazi ile hufanywa chini ya uangalizi wa hospitali, kwa dawa za kutuliza mwili na vitamini ya B1. Yule kijana alituambia hayo kwa muda wa dakika kumi. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kutueleza, na naamini hadi leo zipo nyumba ambamo mzee amefungiwa chumbani kwa nia njema kama ile yetu.

Miguu ilianza kuvimba mwaka 2020, kisha tumbo. Macho yakawa ya njano. Alijikuna usiku kucha, akawa anatokwa damu puani bila kugongwa na kitu, kwa kuwa ini ndilo linalotengeneza vitu vinavyogandisha damu na lake lilikuwa limeishiwa nguvu. Kilichoniumiza kuliko vyote ni mwandiko. Baba alikuwa na ule mwandiko wa ubaoni wa walimu wa zamani, ulionyooka na wenye mikia sawasawa, na barua zake zote ninazo. Ile ya Agosti 2021 haisomeki. Herufi zinapandiana, jina langu ameliandika mara mbili, na sentensi moja imeachwa njiani. Wakati huo alikuwa amebadilisha usiku kuwa mchana, analala jua likiwaka na kutembeatembea kihambani saa nane za usiku, nasi tukadhani uzee umemwingia. Daktari alitueleza kuwa sumu ambayo ini zima lingeisafisha ilikuwa inafika kwenye ubongo, akampa dawa ya maji ya kumsaidia kupata choo mara mbili au tatu kwa siku ili sumu hiyo itoke. Wiki ile alipokuwa akiitumia vizuri alinisahihishia Kiswahili changu kwenye simu, na nilifurahi mno.

Hapa ndipo penye sababu ya barua hii. Tumbo la baba lilipokuwa kubwa kama ngoma, huku mikono na mashavu yamekonda, baba mdogo alisema kaka yake amelishwa sumu. Kwetu tuhuma hiyo haihitaji ushahidi. Mtu akivimba tumbo, watu wanaanza kuhesabu ni kwa nani alikunywa mara ya mwisho. Ikahesabiwa hadi ikafika kwa mama mmoja mjane mwenye kilabu cha mbege chini ya barabara, ambako baba alikuwa akipita kila jioni, na ambaye kwa desturi ya wapishi wa mbege alikuwa akionja kwanza mbele ya mteja kabla ya kumpa kata. Ukoo ulikaa kikao juu ya jambo hilo mwezi wa Desemba, wakati sote tupo nyumbani kwa Krismasi. Mkoba wangu ulikuwa mapajani, na ndani yake kilikuwemo cheti cha hospitali kilichoandikwa kwa maneno yasiyo na utata kwamba ini limesinyaa kutokana na matumizi ya muda mrefu ya pombe. Vipimo vya homa ya ini vilikwishafanyika na havikuonyesha kitu. Sikukitoa cheti. Nilijiambia kwamba namlindia baba heshima yake mbele ya wadogo zake, na kwamba maneno ya kikao yataishia kikaoni. Hayakuishia pale. Ndani ya mwezi mmoja hakuna aliyekanyaga kilabu kile, wajukuu wa yule mama wakaitwa majina shuleni, na yeye akaacha kupita barabara yetu akienda kanisani, akawa anazunguka kwa njia ya juu ambayo ni ndefu na ina kilima.

Ubaya mwingine wa uongo ule ni kwamba ulimpotezea baba muda wa matibabu. Miezi mitatu alinyweshwa dawa za kutapisha sumu na mizizi ambayo hakuna aliyejua ni ya nini, wakati ini lililochakaa halistahimili hata dawa zinazojulikana. Aliporudishwa hospitalini walimtoa maji tumboni, akapunguziwa chumvi, akapewa vidonge, na siku ya kuruhusiwa akaandikiwa kwenye kadi maneno mawili: "Aache pombe." Nilimuuliza mhudumu ataachaje, na aende wapi ili asaidiwe. Alinijibu kwamba kunywa ni uamuzi wa mtu, na kwamba vitanda vinahitajika na wagonjwa ambao hawakujitakia. Sitaji kituo hicho, kwa kuwa sidhani jibu lingekuwa tofauti sana kwingine. Ila nauliza: tangu mwaka 2011 Muhimbili ina kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu, kwa waathirika wa heroini, na huduma hiyo imefika mikoani, ambako mtu hupokelewa kama mgonjwa, hupewa dawa kila siku na kusikilizwa na mshauri. Kwa nini mlango wa namna hiyo usiwepo katika kila hospitali ya mkoa kwa mwalimu mstaafu ambaye kilevi chake kinauzwa kwa leseni na kulipiwa kodi? Serikali inajua kutibu uraibu, imekwishaonyesha. Kwa pombe imebaki na kadi yenye maneno mawili.

Baba alifariki alfajiri ya siku ya Jumanne. Alitapika damu, beseni zima, kwa sababu ini likiwa gumu damu hukosa njia na mishipa ya koo la chakula hututumka hadi inapasuka. Tulikuwa njiani kwenda hospitali, mama akiwa amempakata kichwa kwenye kiti cha nyuma. Siku tatu baadaye nikaketi na kalamu nikaandika "kwa muda mfupi", na siku ya mazishi msimamizi wa shughuli akayasoma maneno hayohayo kwenye kipaza sauti, mbele ya watu waliokuwa wameshika chupa za bia tulizonunua kwa michango ya rambirambi. Yule mama alikuja. Alisimama nje ya ua wa masale hadi jeneza liliposhushwa, kisha akaondoka bila kupewa hata maji.

Najua baba mdogo husoma gazeti hili na kwamba atakasirika, na najua wapo watakaosema marehemu hasemwi. Baba alifundisha kwa miaka thelathini na sita, aliwasomesha watoto wasio wake, na alituachia nyumba yenye vitabu. Hayo yote ni kweli, na ni kweli pia kwamba pombe ilimuua. Sioni kwa nini sentensi ya pili ifute ya kwanza. Wanaokuja kulipia matangazo kwenu, Mhariri, hawalazimiki kuandika wasiyoyataka. Lakini kama yupo ambaye kalamu yake imesita kabla ya maneno "muda mfupi", ningependa ajue kwamba hata mwingine aliyeyaandika hakulala vizuri.

Jumamosi iliyopita nilikata jani la sale kwenye ua wetu, jani ambalo kwetu mtu akiletewa hawezi kukataa kusamehe, nikapanda njia ya juu hadi nyumbani kwa yule mama. Nilimwonyesha cheti, ingawa hasomi, nikamweleza kilichoandikwa na siku nilipokipata. Alilipokea jani. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mimi nilisemwa mbele ya watu. Hili utalisema hapa ndani tu?" Nikamwambia nitaandika gazetini, kulekule nilikoandika mara ya kwanza.

Mtoto wa marehemu,
Moshi Vijijini.
(Jina langu analo Mhariri.)