Barua kwa Mwanaidi: kabla hujafika Cartagena

Mombasa, 3 Novemba

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na mama umsalimie. Ama baada ya salamu, umeuliza mambo mawili: lenzi gani ubebe Cartagena ya Kolombia, na kama watu wa kule wanakubali kupigwa picha. La kwanza jepesi. Beba ya milimita 28 na ile ndefu uiache kabatini. Mitaa ya ndani ya ukuta wa mji ni myembamba kama yetu ya Mji wa Kale. Ukiwa na hiyo ndefu ya milimita 85 utarudi nyuma mpaka mgongo ugote ukutani, na bado mtu wa mbele yako hatoenea. Hata mawe utayazoea, maana ngome zao zimejengwa kwa matumbawe kama Fort Jesus.

Rangi ndizo za kuangalia, kwa sababu zinalaghai. Kuna manjano ya kiini cha yai, buluu iliyokolea, nyekundu ya tofali, na roshani za mbao zilizofunikwa na bogenvilia. Mgeni hubabaika akapiga ukuta, ukuta, ukuta. Ule ni pazia la nyuma tu. Chagua ukuta wenye mwanga unaoutaka, simama ng'ambo ya mtaa, pima mwanga wako kabisa, halafu ngoja dakika 10 au 15. Atapita muuza kahawa na machupa yake ya chai, atapita mtoto na mpira, atapita bibi na mwavuli wa jua. Ukiwafuata mbio unaonekana mwizi; ukiwa umesimama mahali pamoja, baada ya muda mtaa unakusahau.

Kwa watu wanaopita, usitumie fokasi ya otomatiki, haijui nani muhimu. Weka tundu la lenzi f/8, fokasi kwa mkono kwenye mita 2.5, shata 1/500, na ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) ijipandishe yenyewe hadi 6400. Kwa lenzi ya 28 kwenye sensa kubwa (full-frame), kila kitu kuanzia mita 1.4 hadi kama mita 10 kitakuwa safi. Shata ikishuka 1/125 uso utatoka sawa lakini miguu na mikono itafutika, na mara nyingi hutagundua mpaka ufike nyumbani.

Kuhusu jua. Desemba huchomoza kama saa 12 na robo asubuhi na kuzama kama saa 11 na dakika 45 jioni. Mwanga mzuri ni ule wa mpaka saa 2 na nusu, kisha kuanzia saa 10. Jua likishazama una dakika 20 hivi za buluu, basi, giza. Usikae kunywa juisi ukidhani bado mapema. Mchana nao usiutupe. Mwezi huo jua linakaa upande wa kusini kutwa nzima, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini hauguswi na jua hata mara moja, huku ule wa ng'ambo unawaka. Mtu aliyesimama kivulini hapo anamulikwa na mwanga unaorudi kutoka ukuta wa mbele yake. Ukuta huo ukiwa mweupe, umepata taa laini ya studio bila kulipa. Ukiwa wa manjano, ngozi inapata joto zuri. Ukiwa wa kijani, yule mtu atafanana na mgonjwa wa homa ya manjano na hakuna programu itakayomponya vizuri. Kwa hiyo kabla ya kuangalia ukuta ulio nyuma ya mtu, geuka uangalie ulio mbele yake.

Ukipiga ukuta mmoja wa manjano ukajaza picha, kamera itadhani ni kosa la taa, itapooza rangi kwa kuongeza buluu. Zima ubalansishaji wa rangi wa otomatiki (white balance), uweke Kelvin 5500 na upige RAW, yaani faili ghafi. Na ngozi zetu: watu wengi wa kule ni weusi kama sisi. Ukuta mweupe ukijaa kwenye fremu, kamera hupunguza mwanga na uso unageuka kivuli. Pima kwenye shavu, au ongeza mwanga kwa hatua (stop) 1 hadi 1 na theluthi. Ukuta ukipauka kidogo si hasara. Bogenvilia ni kinyume chake: wekundu wake hujaa kabla ya rangi nyingine, ua likawa doa lisilo na petali. Hapo punguza theluthi mbili za hatua.

Sasa hilo la watu. Utawaona wanawake waliovaa magauni ya rangi za bendera, beseni la matunda kichwani. Hao ni palenquera, asili yao San Basilio de Palenque, mji ulioanzishwa na watumwa waliotoroka. Lugha yao ni Kihispania kilichochanganyika na Kikongo, na ng'ombe wao wanamwita ngombe, kwa hiyo usishangae ukihisi umesikia neno la nyumbani. Siku hizi wengi wao kupigwa picha ndiyo kazi yenyewe, kama kuuza tunda. Uliza bei kwanza, lipa, na uwe na noti ndogo za peso, 5,000 na 10,000. Ukitoa ya 100,000 chenji itakuwa kesi. Kuwavizia kwa mbali ni wizi, na picha yenyewe hutoka mbaya kwa sababu ukimwona mpigaji unageuka. Ukitaka picha isiyo ya kupozi, nunua embe, zungumza, acha akuhudumie. Mikono inayomenya ni bora kuliko tabasamu la watalii.

Wengine wote, anza na "Buenas". Neno hilo moja ni hodi yao. Kisha onyesha kamera na uinue nyusi. Akikataa, sema "gracias", asante, na uende zako.

Jioni toka nje ya mji wa ndani uende mtaa wa Getsemaní, uwanja wa Plaza de la Trinidad mbele ya kanisa la manjano. Watoto wanacheza mpira, wauzaji wanakaanga, watu wamekaa ngazini. Weka f/2, shata 1/125 kwa waliotulia, ISO 3200, na ukae karibu na taa ya kibanda cha chakula. Mvuke wa mafuta ukiwa kati yako na taa unawaka wenyewe. Soko la Bazurto usiende siku ya kwanza, na usiende bila mwenyeji.

Wakolombia husema "no dar papaya", usitoe papai: ukilikata likae wazi, atakayelila hana kosa. Mkanda uuzungushe kwenye kifundo cha mkono, na pikipiki ikikaribia kamera iwe upande wa ukutani.

Kitu kitakachokutesa ni ukungu. Chumba cha hoteli kina kiyoyozi, nje kuna joto na unyevu. Ukitoka tu lenzi inafunikwa, na ukifuta inarudi kwa sababu kioo bado baridi. Kabla ya kutoka ifungie kamera kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, na ukishatoka uiache humo ipate joto nusu saa. Usibadilishe lenzi ikiwa baridi, maji yataingia mpaka kwenye sensa.

Umeme wao ni volti 110 na soketi ya pini mbili bapa. Chaja ya kamera iliyoandikwa 100-240 inataka adapta tu. Pasi yako ya nywele iache, haitapata moto wa maana.

Ukirudi niletee alegría, zile tamu za mtama na nazi, tuone kama zinashinda kashata.

Wako,
Salma